Chupa Yenye Uzi Mwekundu

"Kata nyembamba zaidi. Hayo siyo matufaha ya kulishia nguruwe."

Hiyo ndiyo salamu niliyopokewa nayo na Mama Ružena asubuhi ile ya mwanzo wa Desemba, nimesimama jikoni kwake na kisu mkononi, theluji ya njiani bado inayeyuka kwenye viatu vyangu. Sikujibu. Mimi Zdenka nikichokozwa najua kujibu, waulize wateja wangu pale saluni, lakini siku ile nilikuwa nimeapa kuuma ulimi. Nilikuwa namtaka mwanawe, Radovan, na nilimtaka kuliko nilivyotaka kushinda maneno.

Na Radovan alinitaka. Tatizo halikuwa sisi wawili. Tatizo ni kwamba niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikaachika nikiwa na ishirini na sita, na pale Brezinka, kijijini kwao juu mlimani, mwanamke aliyeachika hapelekwi mbele ya padri mara ya pili. Mama Ružena alipopata habari zangu alilia wiki nzima. Halafu akafuta machozi, akamwambia mwanawe: "Mlete aje apike kinywaji cha mkesha. Tutaona."

Kila mke aliyeingia nyumba ile alianzia hapo. Pombe kali ya matufaha ya shambani kwao hutiwa viungo na asali, ikalazwa kwenye chupa wiki tatu, ikanywewa jioni ya mkesha wa Krismasi nyota ya kwanza ikionekana. Ikipendeza, umekaribishwa. Isipopendeza, hakuna atakayekugombeza, ila Krismasi inayofuata huitwi. Nilikuwa nimeshatimiza miaka thelathini na moja. Sikuwa na Krismasi za kuchezea.

"Mdalasini vijiti vitatu," alisema Mama Ružena.

"Sawa, mama."

"Karafuu kumi na mbili. Hesabu."

Nikahesabu kwa sauti, kama mtoto wa shule.

"Kwenu mlikuwa mnatia ngapi?"

"Kwetu hatuhesabu, mama. Tunatupia kwa mkono."

"Ndiyo maana," alisema, akageukia jiko.

Ndiyo maana nini? Ndiyo maana nimeachika? Damu ilinichemka, lakini nilimeza mate nikaendelea kukata. Vipande vikaingia sufuriani pamoja na juisi ya matufaha, asali, maganda ya chungwa na tangawizi kidogo. Moto ulipokolea, jiko lote lilinukia mpaka hata yeye akalegea mabega. Alichukua mwiko akakoroga mara mbili, taratibu, kisha akanirudishia bila kuniangalia.

Radovan aliingia na mzigo wa kuni, theluji mabegani, mashavu mekundu kwa baridi. Akatua kuni, akadokoa kipande cha tufaha kwenye ubao wangu.

"Mama, usimtishe mgeni."

"Namtisha nini? Namfundisha."

Alipita nyuma yangu kwenda kunawa. Kidole chake kimoja kiligusa kiwiko changu, kwa makusudi kabisa, na mwili mzima ulinisisimka.

"Umependeza na hiyo aproni," alinong'ona.

"Kaa mbali, nitajikata."

"Nitakufunga kitambaa."

"Radovan!" Mama hakugeuka. "Ng'ombe wamekula?"

"Wamekula, mama."

"Nenda kawaulize kama wameshiba."

Akatoka huku anacheka, na mimi nikainamisha uso nisionekane ninavyocheka. Nadhani Mama Ružena alitaka kucheka pia. Nakumbuka hilo kwa sababu ndipo nilipopata moyo, na nilipopata moyo ndipo nilipokosea.

Sufuria ilipopoa, akaniambia: "Shuka stoo ya chini ukalete pombe. Rafu ya mwisho, mkono wa kulia. Chagua iliyo bora, tuone jicho lako."

Nikashuka ngazi na taa. Kwenye rafu zilikuwepo chupa sita kubwa, zote sawa, zote safi kama maji, hazina karatasi wala alama. Ila moja ilikuwa imefungwa shingoni uzi wa sufu mwekundu.

Sasa, kwetu kule tambarare, uzi mwekundu hufungwa kwenye kitu unachokipenda: ndama aliyezaliwa jana, kitanda cha mtoto mchanga, chupa iliyowekewa harusi ya binti. Hufungwa jicho la husuda lisikiguse. Mama yangu alinifunga mimi mkononi nilipozaliwa. Basi nilipoiona ile chupa, wala sikufikiri mara mbili. Niliona mama mkwe ananijaribu, na mimi nimeshinda mtihani. Nikaufungua uzi nikaibeba chupa kifuani kama mtoto. Nilipofika jikoni Mama Ružena alikuwa mlangoni anaongea na jirani, na uzi nikautupia motoni.

Nilipoimimina, harufu kali ilinipanda puani, harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikanusa vidole vyangu. Jana yake nilikuwa nimepaka watu sita rangi ya nywele, na pua ya msusi ninyi mnaijua, ni pua iliyokwisha kufa nusu. Nikajiambia ni mikono yangu. Asali na karafuu zikafunika kila kitu.

"Nionje kidogo, mama?"

"Hee! Siku za mfungo hizi? Haionjwi mpaka nyota itoke."

Nikaziba chupa kwa kizibo na nta. Sikuonja. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mtiifu.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Radovan alishuka mpaka mjini kunichukua kazini. Nilikuwa nafagia nywele. Alifunga mlango wa saluni, akanivuta kwake na fagio langu mkononi.

"Mama ameichungulia chupa kwenye mwanga," alisema. "Amesema si mbaya."

"Si mbaya tu?"

"Zdenka, kwa mama yangu 'si mbaya' ndiyo 'nzuri kupita kiasi.' Baba alimwoa akaambiwa 'si mbaya' siku ya harusi."

Nilicheka, nikamlalia kifuani. Lakini yeye hakucheka. Alinishika mabega akaniweka mbali kidogo ili anione vizuri.

"Kuna jambo moja. Naomba usinicheke."

"Sema."

"Mkesha ule, tukishakaa mezani, usiinuke. Litokee litakalotokea. Hata kijiko kikianguka, kiache. Mpaka watu wote wamalize kula."

"Mbona hata kwetu wanasema hivyo. Anayeinuka hafiki Krismasi nyingine. Bibi yangu alikuwa anatufokea kila mwaka."

"Kwenu wanasema," Radovan alijibu. "Kwetu ilitokea."

Akanisimulia, na sauti yake ilikuwa ndogo. Miaka sita iliyopita ng'ombe wao alikuwa anazaa vibaya jioni ya mkesha. Baba yake, Ondrej, akasikia mlio kutoka zizini, supu iko mezani. Akainuka. Akaenda, akamwokoa ng'ombe na ndama, akarudi anacheka na mikono imejaa damu. Mwezi wa tatu, msituni, mti alioukata ulimgeukia ukamuua.

"Mama hajamlilia mbele yetu hata siku moja," alisema. "Lakini tangu hapo, mkesha ukifika, anaweka kila kitu mezani mapema, mpaka maji ya kunawa. Na mimi nazungusha mnyororo miguu ya meza, tukae pamoja. Najua ni mambo ya zamani, Zdenka. Najua. Lakini naogopa. Nikikuona umeinuka, sijui nitafanyaje."

Mwanaume mrefu vile, mbeba magogo, na midomo inamtetemeka. Nilimbusu.

"Siinuki," nilimwambia. "Nitakaa kama niliyegundishwa."

Nyota ya kwanza ilionekana mapema jioni ile ya mkesha, juu ya paa la zizi. Tuliingia ndani watu watano. Babu Matúš, baba yake marehemu Ondrej, alikaa kichwani mwa meza, kwenye kiti cha mikono. Masikio yake yalikuwa yameshastaafu, ukitaka akusikie lazima umfokee. Pembeni kwake alikaa Mama Ružena, na upande wa pili Hedviga, dada mkubwa wa Radovan, aliyetoka Bratislava na koti jipya na ulimi uleule. Radovan alikaa ubavuni kwangu. Mimi nilipewa mwisho wa meza karibu na mlango, mahali pa mgeni.

Chini ya meza mnyororo wa ng'ombe ulikuwa umezungushwa miguu yote minne. Juu yake palikuwa na supu ya kabichi chachu inayofuka moshi, samaki wa kukaanga, vitonge vya mkate na mbegu za mpopi, asali, kitunguu saumu. Na mbele ya kila mtu, glasi ndogo yenye kinywaji changu.

Loo, kilivyokuwa kizuri! Rangi ya dhahabu, na kipande kimoja cha tufaha kikielea.

Mama Ružena alipita kabla ya kukaa, akichora msalaba wa asali kwenye paji la uso la kila mmoja wetu. Nilijua atanipita. Nilijiandaa kabisa kupitwa, nikakaza uso nisilie. Lakini alisimama mbele yangu. Kidole chake kilikuwa baridi, na asali ilikuwa nyingi.

"Uwe mtamu kwa watu, wakupende," alisema, maneno aliyowaambia wote. Kisha akaongeza polepole: "Kinywaji kimetulia. Kina rangi ya mwaka niliokuja mimi hapa."

Radovan alinibana goti chini ya meza. Machozi yalinilenga. Nikawaza, basi, Zdenka, umefika. Umepata kwenu.

Mama Ružena akakaa. Tangu hapo hakuna wa kuinuka.

"Ružena!" Babu Matúš alipaza sauti kama viziwi wote, huku anajisugua mguu. "Magoti haya yananiua na hii baridi. Chupa yangu umeificha wapi?"

"Chupa gani, baba?"

"Ee?"

"CHUPA GANI?"

"Chupa ya magoti! Ile ya kichwa! Wiki tatu naitafuta kule chini siioni."

"Umeimaliza mwenyewe, Babu," Hedviga alicheka. "Usije ukawa unajisugua mpaka kooni."

"Ningekuwa nimeshazikwa, mjinga wewe. Kichwa cha miaka minne kile. Ndiyo maana nikaifunga uzi mwekundu, mtu asije akakosea akainywa akapofuka kama yule mwashi wa Horná."

Nilizitazama zile glasi tano mezani.

Huko kwetu hakuna asiyejua kichwa ni nini. Pombe inapopikwa kwenye mtambo, matone ya kwanza yanayodondoka ndiyo kichwa, na hayo ni sumu. Kwetu tunayamwaga ardhini. Huku milimani wazee wanayahifadhi, wanachulia viungo vinavyouma. Nilijua wanahifadhi. Sikujua wanafunga uzi mwekundu. Kwetu uzi huo ulimaanisha kipenzi. Kwao ulimaanisha kifo, na mimi niliutupa motoni kwa mkono wangu.

Ile harufu ya dawa ya kucha ilinirudia puani kama ninainusa sasa hivi. Haikuwa mikono yangu.

"Mkono wako ni wa baridi," Radovan alininong'oneza. "Unaogopa?"

Nilimtazama. Niseme nini? Kwamba nimewapikia sumu? Mama yake ametoka kunipaka asali kwenye paji la uso, bado ilikuwa inanishuka kwenye nyusi. Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, wamekwisha.

"Mama," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba ajabu. "Hatuwezi kuanza na supu? Itapoa."

"Kinywaji kwanza. Babu anaanza, sisi tunafuata. Ndivyo ilivyo."

"Wifi anaogopa hukumu!" Hedviga alicheka. "Tulia, wifi, hata kikiwa kibaya tutakunywa tu, tumekufa na baridi."

Tumekufa. Alisema tumekufa.

Babu alifumba macho akaanza sala. Katika nyumba ile sala haikatizwi. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya sala ile nilifikiria kunyamaza. Nasema ukweli wangu. Nilijiambia ni glasi ndogo tu. Nimechanganya na juisi, nimetia asali, labda haitoshi kudhuru mtu. Watanywa, watasema nzuri, mwakani nitaitwa. Nilimtazama Radovan, kichwa ameinamisha, kope zake ndefu zimelala, mkono wake umeshika wangu bila wasiwasi wowote. Nikayaona macho yale hayaoni kitu. Nikamwona ananipapasa uso kunitafuta.

"Amina," alisema Babu.

"Amina," walijibu.

Glasi zikainuliwa.

"Msinywe!"

Nilipiga kelele mpaka Hedviga akamwaga nusu ya glasi kifuani. Wote watatu walinigeukia, Radovan, mama yake, dada yake, midomo wazi, glasi hewani. Wote waliniangalia mimi. Nyuma yao Babu Matúš, ambaye hakusikia lolote, alikuwa amefumba macho kama anavyofanya kila mwaka, anamshukuru Mungu, na glasi inapanda midomoni.

"Babu! Mzuieni Babu!"

"Zdenka, una nini?" Radovan alinikamata mkono.

Nikajinyofoa. Nikainuka.

Mguu wangu ulinasa kwenye mnyororo, meza ikatikisika, supu ikamwagika. Nilipita nyuma ya Hedviga sijui vipi, nikanyoosha mkono, nikaipiga ile glasi. Iliruka ikapasukia kwenye jiko la chuma, na moto wa bluu uliruka juu ya jiko ukazimika. Babu alifumbua macho akatazama kiganja chake kitupu.

Maji ya supu yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Ameinuka," alisema Mama Ružena.

Hakuuliza glasi imefanya nini. Hakuuliza nimepagawa na nini. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. "Ameinuka," alirudia, kana kwamba hakuna neno lingine lililobaki duniani.

"Niliichukua chupa ya uzi mwekundu," nilisema. "Nilidhani ndiyo bora. Kwetu uzi ni wa kukinga kitu kizuri. Sikujua, mama. Naapa sikujua. Hiki ni kichwa. Msikiguse."

Hedviga aliiweka glasi mezani kama imemuunguza. "Yesu na Maria. Ulitaka kutuua?"

"Sikujua!"

"Wiki tatu imekaa hapo, na wewe hukujua? Huna pua?"

"Hedviga," Radovan alisema.

"Usiniambie Hedviga! Mama alikuonya kuhusu huyu!"

Nilimtazama Radovan. Nilisubiri ainuke. Jamani, nilisubiri vile! Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, vifundo vimekuwa vyeupe, na alikuwa ananitazama jinsi watu wanavyotazama jeneza linapita.

"Kaa chini," aliniambia, kwa upole, kama unavyombembeleza mgonjwa. "Zdenka, kaa chini upesi. Labda haijahesabika. Kaa, mpenzi, nakuomba."

"Nimeshasimama, Rado."

"Kaa tu."

"Njoo basi wewe."

Hakuja. Aliangalia chini ya meza, kwenye mnyororo, akaniangalia mimi, na machozi yakamtoka. Sikumchukia. Ningeweza kumchukia kama ingekuwa uoga wa kawaida. Lakini nilijua anamwona baba yake anatoka kwa mlango ule ule. Nilijua ananipenda, na nilijua mapenzi yake yamefika mwisho wa kamba. Moyo wangu ulivunjika palepale, kimyakimya, watu wakiangalia.

Nikaenda mlangoni. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Nje basi la mwisho lilikuwa limeshapita, njia ilikuwa theluji mpaka magotini, na mji ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilitia mkono mmoja kwenye koti. Nikafikiri, kumbe ndivyo inavyotokea. Hakuna uchawi. Mtu anainuka, wengine wanabaki wamekaa, naye anaondoka peke yake gizani.

Nyuma yangu kiti kiliburuzwa.

"Mama!" Hedviga alipiga kelele. "Mama, usifanye hivyo!"

Niligeuka. Mama Ružena alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika meza, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia.

"Nyamaza, Hedviga."

"Mama, kaa, nakuomba," Radovan alisema.

"Nilikaa." Hakuwa anamtazama yeyote. "Baba yenu alipoinuka, mimi nilikaa. Aliniita. Alisimama pale mlangoni alipo huyu, akasema, 'Ružka, njoo unishikie taa.' Nikamwambia siinuki, nina watoto. Niliogopa. Akacheka, akaenda zizini peke yake akiwa ameshika taa kwa meno."

Alikaza mikono kwenye ukingo wa meza.

"Miezi mitatu nililala naye kitanda kimoja na sikumwomba msamaha, kwa sababu hata kulitaja niliogopa. Halafu wakamleta kwenye mkokoteni." Alifuta uso kwa kiganja. "Radovan. Huyu ameinuka ili babu yako asife. Na wewe umekaa hapo unafanya nini?"

Radovan aliinuka. Hakuinuka kishujaa, nisiwadanganye. Aliinuka kama mzee, ameegemea meza, na mnyororo ulilia alipougonga. Halafu alikuja. Hatua tano tu, na nadhani ndizo hatua ndefu kuliko zote alizowahi kutembea. Alinivua lile koti begani, akanikumbatia na uso wake kwenye shingo yangu. Alikuwa baridi, na meno yanagongana.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, nisamehe."

"Nilidhani umeniacha."

"Nilikuwa nimekuacha," alisema. "Nusu dakika nilikuwa nimekuacha. Sitasema uongo."

Nikamshika nywele kwa ngumi, kwa hasira na kwa mapenzi, mpaka akaguna. Sikumwachia.

"Mbona mmesimama?" Babu Matúš aliuliza. "Padri amekuja?"

Hedviga alikuwa amebaki amekaa, mikono imefunika mdomo. Alimtazama mama yake, akatutazama sisi, akatazama sakafu. Halafu alisema neno ambalo halisemwi mkesha wa Krismasi, akainuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka, akamshika babu yake kwapani.

"Simama, Babu! Wote tunasimama!"

"Ee?"

"SIMAMA!"

"Na magoti haya?"

"NA MAGOTI HAYOHAYO!"

Akasimama, huku ananung'unika kwamba siku hizi kila kitu kimebadilika.

Mama Ružena alikusanya glasi moja moja, akafungua dirisha, akamwaga zote kwenye theluji. Akaimwaga na chupa, wiki tatu za kazi yangu, na vipande vya matufaha vikaanguka nje kimoja kimoja. Alifunga dirisha. Akachota supu iliyobaki kwenye mabakuli matano, akatugawia pale tuliposimama, na tukaanza kula wima. Kijiko cha Radovan kilikuwa kinagonga bakuli kwa kutetemeka. Cha kwangu pia.

Upepo ulitikisa mlango, na wote watano tuliacha kutafuna. Tuliutazama mlango mpaka ukatulia.

Mama Ružena alikuwa upande wangu wa kushoto. Aliongea bila kugeuza kichwa, polepole, watoto wake wasisikie.

"Zdenka."

Tangu nimfahamu alikuwa akiniita wewe.

"Abee, mama."

"Naogopa."

"Hata mimi, mama."

Alihamishia bakuli mkono wa pili.

"Basi sogea huku," alisema.